Poni wangu haruhusiwi nyasi: nimwekee nini chini ya kwato zake?

Shikamoo Mzee,

Nina poni jike wa miaka 14, uzito wake kama kilo 230, jina lake Tunu. Ameshapata laminitisi, ule ugonjwa wa kwato, mara mbili. Ya kwanza tuliidhani ni uchovu. Ya pili haikuhitaji kuulizwa: alisimama amejiegemeza kwa nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha mbele yake, na kila nilipotaka ainue mmoja alikataa katakata. Daktari wa mifugo alimpima damu, akakuta insulini iko juu sana. Akapiga picha za kwato, akasema mfupa umezunguka kidogo na unyayo umekuwa mwembamba.

Amekaa bandani juu ya maranda mengi kwa wiki nyingi. Sasa hatumii tena dawa ya maumivu na anatembea vizuri pakiwa laini. Daktari ameruhusu atoke nje, ila kwa sharti moja: asiguse jani bichi.

Nimetenga eneo la mita 12 kwa 10 nyuma ya banda. Shida yangu ni chini. Udongo ni mfinyanzi. Nyasi nimezilima kwa jembe, lakini mvua ikinyesha zinarudi, naye anachimbua vishina kwa meno hadi midomo inajaa udongo. Mvua ikishika, tope linafika kwenye vifundo vya miguu. Likikauka linabaki na mashimo magumu ya kwato, na hapo ndipo anapotembea kama anakanyaga miiba.

Kila ninayemuuliza ana lake. Seremala wa jirani yuko tayari kunipa vipande vya mbao na maranda bure, nichukue nitakavyo. Mume wangu anasema tumwage zege, tuwe tunaosha kwa mpira wa maji, yaishe. Rafiki yangu anayefuga farasi wa mashindano anasema ni mchanga tu na hakuna kingine, lakini nimesikia mchanga unaua farasi kwa tumbo. Sisi wenyewe tuna lundo la kokoto za kupasuliwa lililobaki kwenye ujenzi. Halafu yuko jirani mwenye ng'ombe, yeye ananicheka waziwazi. Anasema nimwache Tunu kwenye nyasi fupi zilizochomwa na jua, eti hazina kitu.

Kazi hii naweza kuigharamia mara moja tu. Niweke nini? Na atakula wapi, maana hei (nyasi zilizokaushwa) nikiiweka chini anaitawanya yote?

Mwenye Tunu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nitakupa jibu kwanza, halafu nieleze. Sehemu kubwa ya kiwanja weka changarawe za mviringo. Kona moja weka mchanga wa kulala. Mahali pa kulia tandika mikeka ya mpira. Lile lundo la kokoto litumie, lakini liende chini kabisa, ambako ukwato hautalifikia. Maranda mrudishie seremala kwa shukrani, na mkwe wangu aitunze saruji yake kwa kazi nyingine.

Nianze na jirani yako wa ng'ombe, maana katika ushauri wote uliopewa, wake ndio wa hatari kuliko mwingine. Nyasi fupi zilizoungua si tupu. Jani likipata jua huku likishindwa kukua, iwe kwa ukame, kwa baridi ya usiku au kwa kutafunwa kila linapochipua, sukari linayotengeneza haina pa kutumika. Inabaki humo humo, na nyingi hujilimbikiza kwenye shina la chini, pale pale Tunu anapopachimbua kwa meno. Ng'ombe ana tumbo jingine; kinachomnenepesha yeye kinaweza kumlaza poni.

Na kwa poni mwenye insulini ya juu jambo hili halina mzaha. Mwaka 2007 watafiti nchini Australia waliwapa poni wazima insulini mfululizo, huku wakihakikisha sukari ya damu inabaki kwenye kiwango cha kawaida. Poni hao walipata laminitisi ndani ya siku tatu. Kumbe insulini yenyewe, ikipanda na kukaa juu, inatosha kuharibu ukwato. Ndiyo sababu daktari wako hakusema apunguziwe nyasi, amesema asiziguse. Kwa hiyo hata yale machipukizi yanayorudi baada ya mvua ni chakula, na kiwanja chochote utakachojenga lazima kwanza kiyazime.

Sasa tuje kwenye mguu. Mfupa wa mwisho ndani ya ukwato umening'inizwa kwenye ukuta wa ukwato kwa mamia ya vikunjo vyembamba vilivyoshikana. Laminitisi hulegeza vikunjo hivyo, uzito unausukuma mfupa kuelekea chini, na unyayo unabaki mwembamba kama alivyokuonyesha daktari kwenye picha. Muulize ni milimita ngapi. Ikiwa ni chini ya 10, kila jiwe atalihisi. Mguu wa namna hii unahitaji sakafu inayoubeba wote, unyayo pamoja na ile pembetatu laini ya katikati, badala ya kuuachia ukingo wa ukuta uliodhoofika kazi yote. Kitu kinachojipanga chini ya mguu kinaweza kuubeba hivyo. Kitu kigumu kilicho bapa hakiwezi, na hapo zege limeshaanguka mtihani. Isitoshe linateleza likilowa mkojo, na mnyama mwenye maumivu hawezi kulala juu yake, wakati kulala ndiyo nafuu kubwa anayoweza kuzipa kwato zake.

Kokoto za kupasuliwa nazo zina ncha. Unyayo mwembamba juu ya ncha ni michubuko, na mchubuko huzaa jipu ndani ya ukwato. Utaamka siku moja umkute anachechemea mguu mmoja ghafla, roho ikuruke ukidhani laminitisi imerudi.

Kuhusu mbao za bure, najua zinavutia. Lakini hujui seremala amepasua nini wiki hiyo. Ndani ya magunia hayo mnaweza kuwa na mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, vumbi la mbao za gundi, misumari, na mbao za miti yenye sumu. Kuna mti mmoja, mjozi mweusi, uitwao kitaalamu Juglans nigra, ambao maranda yake yakitandikwa kwenye banda yanaweza yenyewe kusababisha laminitisi, hata kwa farasi asiye na historia yoyote ya ugonjwa huo. Kwenye fungu la mbao mchanganyiko hutautambua. Vipande vikubwa vya mti mmoja unaoujua, visivyo na dawa, vilivyowekwa unene wa sentimita 20 au zaidi juu ya msingi unaopitisha maji, vinafaa kwa muda, na nimewaona poni wakivifurahia. Ila vinaoza. Juu ya mfinyanzi vinanyonya maji, vinageuka mboji, na baada ya misimu michache umerudi kwenye tope, safari hii tope lenye rutuba ambalo nyasi zitalipenda. Umeniambia kazi hii unaifanya mara moja tu, basi vipande vya mbao si vyako.

Rafiki yako wa mchanga hajakosea kuhusu mguu. Mchanga ndio farasi mwenye kwato zinazouma huuchagua mwenyewe akiachiwa: anachimba ncha ya ukwato, anainua au kushusha kisigino, anajitafutia pembe inayompa nafuu. Wewe pia hukusikia uongo kuhusu tumbo. Farasi anayekula juu ya mchanga anaumeza pamoja na chakula, nao ni mzito, unatuama kwenye utumbo mpana na kuleta kuhara na msokoto wa tumbo, na wengine huishia kwenye upasuaji. Tunu ana tabia ya kuchokonoa ardhi kwa midomo, na sasa atakuwa kwenye mgawo wa chakula. Poni wa namna hiyo ndiye hasa hupaswi kumjazia kiwanja kizima mchanga.

Kona ya kulala ni jambo jingine. Mita 4 kwa 4, mchanga wa mto uliooshwa, unene wa sentimita 15, mbali na chakula na mbali na maji. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi naye ataulamba. Halafu jizoeze kumpima. Chukua mavi mabichi, mafundo sita hivi ya juu ambayo hayajagusa ardhi, yatie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, ongeza maji, vuruga vizuri, kisha uning'inize mfuko kwa robo saa ukiwa umelalia kona moja. Minya ile kona kwa vidole. Ukisikia chenga zikikwaruzana, anakula mchanga. Usipozisikia usijipe uhakika wote, kwa sababu mchanga unaweza kukaa tumboni bila kutoka. Lakini ukizisikia, kona ya mchanga ifungwe na daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Nimebakiwa na changarawe, na hapa ndipo pesa yako iende. Nazungumzia zile za mviringo zilizolainishwa na maji, za milimita 6 hadi 10, zisizo na vumbi wala vipande vilivyovunjika. Kabla hujalipa, chota konzi moja uifumbate kwa nguvu zako zote. Kama zinakuchoma kiganja, ni za kupasuliwa zilizochanganywa, zikatae. Zikiwa sawa utazisikia zinateleza na kujipanga kati ya vidole, na hivyo ndivyo zitakavyofanya chini ya Tunu: mguu unazama kidogo, vijiwe vinasogea na kuujaza unyayo kutoka chini. Mkojo unapita, mvua inapita, hakuna tope, na nyasi hazipati pa kushika.

Unene ndio wengi hukosea. Sentimita 3 au 4 za changarawe juu ya msingi mgumu ni mbaya kuliko kutoziweka kabisa, kwa sababu kijiwe hakina pa kukimbilia na kinausukuma unyayo kwenda juu. Weka sentimita 10 kote, na 15 pale anapopenda kusimama, kama getini na kivulini. Kiwanja chako ni mita za mraba 120, kwa hiyo sentimita 10 peke yake ni mita za ujazo 12, karibu tani 19. Ukitoa eneo la mchanga na la mikeka zitapungua, lakini unene wa kivulini utazirudisha. Hakikisha lori lina pa kupita kabla hujaagiza, maana kuzihamisha tani hizo kwa toroli ni adhabu.

Changarawe zina usumbufu wake, nisikufiche. Toroli halisukumiki juu yake, basi acha njia nyembamba ya mikeka kutoka getini. Mavi utayaokota kwa uma wenye meno yaliyokaribiana, ukiutikisa vijiwe vidondoke, na siku za mvua utanung'unika. Pia kama mstari mweupe chini ya kwato za Tunu, pale ukuta wa ukwato unapoungana na unyayo, umetanuka, jambo la kawaida baada ya laminitisi, vijiwe vidogo vinaweza kukwama humo. Chokoa kwato kila siku, na fundi wa kwato aje kwa ratiba ya wiki nne hadi sita, asiitwe tu pale unapoona zimerefuka.

Hayo yote yatapotea bure kama msingi ni mbovu, na kwenye mfinyanzi msingi ndio kazi yenyewe. Ondoa tabaka la juu pamoja na mizizi, sentimita 20 hivi, kisha ulisawazishe eneo likiwa na mteremko mdogo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji yakimbilie upande usio wa banda. Upande huo chimba mtaro. Tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji na kuzuia udongo, vipande vyake vipishane vizuri. Hapo sasa mwaga lile lundo la kokoto, unene wa sentimita 10 hadi 15, ushindilie kwa mashine mpaka pasicheze ukitembea. Kisha kitambaa cha pili, ndipo changarawe. Watu wanaokiruka hicho cha pili ili kuokoa pesa hukuta ncha za kokoto zimepanda juu baada ya muda, na zikishapanda hakuna namna ya kuzichambua. Kingo weka mbao nzito au matofali, la sivyo changarawe zitatambaa hadi nje. Mataruma ya zamani ya reli usiyatumie: yamelowekwa kwenye dawa nyeusi yenye sumu, na poni asiye na cha kufanya hutafuna kila kitu.

Kuhusu chakula: kona ya juu, iliyo kavu kuliko zote, tandika mikeka ya mpira mita 3 kwa 3 na uifagie kila asubuhi. Hei usiiweke chini. Itie kwenye wavu wenye matundu madogo, ya sentimita 3 hivi, au kwenye hori lenye ukuta wa kuzuia asiitoe nje. Wavu wa aina hii unamfanya ale taratibu, na poni anayekula taratibu hana muda wa kulamba ardhi. Kama hajavishwa viatu vya chuma unaweza kuufunga wavu chini kidogo, ila hakikisha mguu hauwezi kunasa.

Kiasi mpangie na daktari, lakini hesabu ya kawaida ya kumpunguza uzito ni asilimia 1.5 ya uzito wa mwili kwa siku, ikihesabiwa chakula kikiwa kikavu kabisa. Kwa kilo 230 hiyo ni kama kilo 4 za hei, ukipima kabla ya kuiloweka. Loweka kwenye maji safi kwa saa moja au zaidi ili sukari ipungue, kukiwa na joto usizidishe sana isije ikachacha, na yale maji yamwage mbali asiyanywe. Kuloweka huondoa madini pia, hivyo atahitaji kirutubisho cha madini na protini kisicho na sukari. Ukiweza, peleka sampuli ya hei maabara. Unatafuta sukari na wanga visivyozidi asilimia 10. Usithubutu kumshindisha njaa ukidhani unaharakisha. Poni mnene akikosa chakula ghafla, mafuta hufurika kwenye damu na kulizidi ini nguvu, na ugonjwa huo unaua.

Uzio wako nao una siri. Nyasi za nje ya uzio ni za Tunu kama shingo yake inafika, nayo inafika mbali kuliko unavyodhani, hasa akipiga magoti. Endeleza changarawe mita 1 nje ya uzio pande zote, au vuta waya wa umeme kwa ndani. Nilishaona kiwanja kizuri kabisa, cha gharama, na poni ndani yake mwenye alama ya kamba shingoni kwa ajili ya kupenyeza kichwa kila siku.

Siku ya kumtoa, mvishe buti za kwato zenye pedi ndani na uanze na nusu saa. Usimkimbize wala kumzungusha. Kila asubuhi weka vidole viwili pembeni mwa kifundo, nyuma kidogo, utafute mapigo ya damu ya kila mguu wa mbele. Zoea yalivyo akiwa mzima, kwa kawaida ni hafifu kiasi cha kukusumbua kuyapata. Yakikupiga vidole bila kutafutwa, au ukwato ukiwa na joto la kudumu, au ukimwona anasita kugeuka, arudi bandani kwenye maranda mengi na daktari aitwe saa hiyo hiyo.

Kiwanja cha ukubwa huo kinamtosha kama utamfanya atembee. Maji weka mwisho mmoja, mikeka ya chakula mwisho mwingine, na mgawo wa hei ugawe kwenye nyavu tatu badala ya moja. Asikae peke yake asione mwenzake. Farasi, punda au poni mwingine upande wa pili wa uzio anatosha, mradi hali nyasi mbichi mbele ya macho yake mchana kutwa. Na umri wake ukifika 15 mwombe daktari apime pia homoni ya ACTH, kwa sababu ugonjwa wa tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo na inayotoa homoni hiyo, huanza kuonekana zaidi kuanzia umri huo, huchochea laminitisi, na una dawa.

Kazi ya kuchimba ifanye kipindi cha ukavu, vinginevyo mashine ya kushindilia itazama. Wakati kazi inaendelea usimrudishe kwenye lile tope hata kwa saa moja. Panga mikeka mbele ya mlango wa banda, izungushie uzio wa mita chache, asimame hapo na wavu wake wa hei mpaka lori la mwisho limeshamwaga.